Jopo, Chemsha Bongo au Baraza? Kuhusu Vichekesho vya Televisheni ya Uingereza na Majina Yake

Mezani petu hivi sasa ipo rasimu ya istilahi za utangazaji. Sehemu yake kubwa haikutupa taabu, kwani vyombo vya kazi vina majina, na pale ambapo havina, mafundi wenyewe wamekwisha kuvipa. Taabu ilianza tulipofika kwenye fungu la vipindi vya burudani, na hasa kwenye aina mbili ambazo Waingereza wamezitukuza kuliko mataifa mengi. Ya kwanza ni tamthilia fupi ya kuchekesha, ya nusu saa, yenye wahusika wale wale na makazi yale yale kila juma, ambayo wenyewe huifupisha kuwa sitikomu. Ya pili ni kile kipindi ambamo watu wanne au zaidi huketi nyuma ya meza, mwenyekiti akiwa katikati, wakaulizwa maswali ambayo hakuna ajalie sana majibu yake. Mjumbe mmoja wa kamati alipendekeza ya kwanza iitwe "vichekesho vya hali" na ya pili "kipindi cha jopo", kisha akataka tuendelee na neno linalofuata. Mimi niliomba maneno hayo mawili yawekwe kando hadi tutakapokuwa tumevitazama vipindi vyenyewe.

Makala haya ni matokeo ya kutazama huko. Msomaji aliyezoea kupata humu orodha za maneno anisamehe iwapo atakuta zaidi uhakiki wa michezo ya watu wa ng'ambo. Naamini kwamba mtunga istilahi akikipa kitu jina kabla ya kukipima ubora na ila zake, hukipa jina la kitu kingine.

Nianze na hiyo "hali". Ni tafsiri ya neno kwa neno, na kwa hiyo inashawishi. Lakini hali katika Kiswahili ni jambo lisilotulia. Tunasema hali ya hewa, hali ya mgonjwa, hali ya barabara baada ya mvua. Na tunaulizana hali kila asubuhi kwa sababu yamkini usiku imegeuka. Katika sitikomu ya Kiingereza mambo ni kinyume kabisa. Hali haigeuki, na kutogeuka huko ndiko kunakochekesha.

Tazama mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1962 waandishi wawili, Ray Galton na Alan Simpson, waliandika mchezo mmoja wa televisheni kuhusu baba na mwana wanaochuuza takataka na vyuma chakavu kwa mkokoteni wa farasi mjini London. Mwana, Harold, ni mtu mzima aliyechoka na baba yake mchafu, mwenye choyo na hila. Anaamua kuondoka. Anapakia vitu vyake mkokotenini. Baba anamnyima farasi, na Harold anajaribu kuuvuta mkokoteni yeye mwenyewe. Mkokoteni hauendi. Analia. Kisha baba anamwambia aingie ndani wanywe chai, naye anaingia. Kutokana na mchezo huo kikazaliwa kipindi cha Steptoe and Son, kilichoendelea kwa vipindi vipindi hadi mwaka 1974, na katika miaka yote hiyo Harold hakuwahi kuuvuta mkokoteni ule ukatoka nje ya lango.

Waandishi hao hao walikuwa wamekwisha kumwandikia Tony Hancock, kwanza redioni mwaka 1954 na halafu katika televisheni kuanzia mwaka 1956, mtu mwenye majivuno makubwa aishiye mahali padogo. Basil Fawlty, wa Fawlty Towers, ana hoteli mjini Torquay anayotamani iwe ya watu wenye vyeo, na kila mgeni anayeingia humthibitishia kuwa haitakuwa. John Cleese na Connie Booth waliandika sehemu 12 tu, sita mwaka 1975 na sita mwaka 1979, wakaacha. Wahakiki wengi husifu ule uchache. Mimi naona walijua kwamba mtu aliyefungiwa namna ile hana pa kwenda, na kwamba baada ya kumzungusha chumbani mara kumi na mbili, mara ya kumi na tatu angekuwa anatuhuzunisha.

Ushahidi mkubwa kupita wote ni wa Only Fools and Horses, kilichoandikwa na John Sullivan na kuanza mwaka 1981. Del Boy, mchuuzi wa mitaa ya Peckham, humwahidi ndugu yake kila mara kwamba ifikapo wakati kama huu mwakani watakuwa mamilionea. Mwezi Desemba 1996 wakawa mamilionea kweli: saa kuukuu iliyokuwa imetupwa ghalani kwao iligundulika kuwa ya thamani kubwa. Watazamaji milioni 24.3 waliitazama sehemu hiyo, idadi ambayo tangu hapo hakuna kichekesho cha Uingereza kilichoifikia. Ilikuwa ni tamati, na tamati njema. Lakini watu walipowataka tena wahusika wale, mwaka 2001, mwandishi hakuwa na njia nyingine ila kuwafilisi. Fedha zote zikapotea katika kuanguka kwa soko la hisa, nao wakarudi katika jengo lile lile la ghorofa walikotoka. Watu wenye fedha zao hawakufaa kitu katika mchezo ule.

Kwa sababu hizo nimependekeza "vichekesho vya mkwamo". Mkwamo ni wa gari matopeni, wa jahazi mchangani, na wa mazungumzo ya amani pia. Mjumbe mmoja amepinga kwamba neno hilo linaleta huzuni, na kwamba wasomaji wa magazeti wataliona kuwa ni la siasa. Yote mawili ni kweli. Yes Minister, kilichoonyeshwa kati ya mwaka 1980 na 1984, kinahusu nini kama si mkwamo wa kisiasa? Waziri anataka jambo lifanyike, katibu mkuu wake anahakikisha kwa lugha ya adabu kubwa kwamba halifanyiki, na hadi mwisho wa nusu saa serikali iko pale pale ilipokuwa. Kama kuna mtumishi wa umma asiyekitambua chumba kile, basi ana bahati.

Kuhusu huzuni sina la kujitetea. Mwaka 1998 Caroline Aherne na wenzake walitoa The Royle Family, juu ya jamaa ya Manchester ambayo karibu muda wote imeketi kochini ikitazama televisheni. Hakuna kisa. Chai inapikwa, sigara inawashwa, baba ananung'unikia bili ya simu. Tena hakukuwa na kicheko cha hadhira. Hapo nyuma michezo hii ilirekodiwa mbele ya watu walioketi studioni, na kicheko chao kilimwongoza mtazamaji wa nyumbani ajue pa kucheka. Aherne alikiondoa, na miaka mitatu baadaye Ricky Gervais na Stephen Merchant wakakiondoa pia katika The Office. Mtazamaji aliachwa peke yake na watu wale, na ukimya ukaingia mahali pa kicheko. Nathubutu kusema kwamba sanaa hii haijapiga hatua nyingine kubwa kama ile.

Baada ya hapo imepungua, na sababu yake ya kwanza ni fedha. Mchezo wa mkwamo unadai mwandishi mmoja au wawili wanaokaa na wahusika wao mwaka mzima, unadai waigizaji, mandhari, mazoezi, na uvumilivu wa mkuu wa stesheni ambaye mwaka wa kwanza hataona faida. Vichekesho vingi vinavyoenziwa leo vilianza kwa kusuasua. Mwaka 2024 mkuu wa vichekesho wa BBC, Jon Petrie, aliwasihi hadharani watu wa kazi hiyo waiokoe sitikomu. Ni dalili mbaya mlinzi wa ghala anapopiga yowe. Mwaka huo huo, usiku wa Krismasi, watu zaidi ya milioni 12 waliketi kutazama sehemu ya mwisho ya Gavin & Stacey, mchezo wa James Corden na Ruth Jones ulioanza mwaka 2007. Idadi hiyo ni takriban nusu ya ile ya 1996, lakini kwa nyakati hizi ambapo kila mtu ana skrini yake mfukoni, ni ajabu. Waingereza hawajaacha kupenda kuketi pamoja wakacheka. Wanaoketishwa pamoja mara chache ni waandishi.

Hapa sina budi kukiri jambo moja. Mchezo wa kwanza wa Kiingereza kunichekesha maishani ulikuwa Mind Your Language. Niliutazama nikiwa mtoto, kwa kanda ya video iliyokwisha kuchakaa, nyumbani kwa mjomba, pamoja na binamu zangu. Uliandikwa na Vince Powell na kuonyeshwa kwanza mwaka 1977: darasa la jioni mjini London, mwalimu mmoja Mwingereza, na wanafunzi kutoka Pakistani, India, Italia, Uhispania, Uchina na kwingineko wanaojifunza Kiingereza. Kila mmoja amepewa kosa lake la matamshi na desturi yake moja, na kosa hilo hulirudia kila juma. Nchini mwake uliondolewa hewani mwaka 1979 kwa kuonekana unayadhalilisha mataifa ya watu, ijapokuwa ulirudi kwa muda mfupi mwaka 1986. Ng'ambo ulipendwa kwa miaka mingi. Wahindi hata walitengeneza wa kwao kwa Kihindi, Zabaan Sambhalke, mwaka 1993.

Sisi watoto wa mjomba tulicheka hata machozi, na asubuhi yake tulikwenda shuleni kukosea Kiingereza kwa namna ile ile. Nimeutazama tena kwa ajili ya makala haya. Mizaha mingi ni mikavu. Lakini kuna nyakati ambapo mwanafunzi analichukua neno la mwalimu kwa maana yake halisi, na mwalimu, mwenye lugha, ndiye anayeonekana hana maelezo. Nyakati hizo bado zina uhai, na nahisi ndizo zilizotuvuta.

Tuje kwenye aina ya pili. Asili yake ni redio na michezo ya sebuleni. BBC ilianza kuonyesha What's My Line? mwaka 1951, kwa kufuata mfano wa Marekani: watu mashuhuri wanne wanajaribu kubahatisha kazi ya mgeni. Redioni kulikuwa na Just a Minute, kilichoanza mwaka 1967 na kuongozwa na Nicholas Parsons hadi karibu na kifo chake mwaka 2020. Kanuni zake zastahili kubandikwa ukutani mwa kila chumba cha mikutano: mshiriki azungumze dakika moja juu ya mada aliyopewa bila kusita, bila kurudia neno, na bila kutoka nje ya mada. Mwaka 1972 kikafuata I'm Sorry I Haven't a Clue, ambacho mwenyekiti wake, mpiga tarumbeta Humphrey Lyttelton, alitoa alama ambazo hakuna mtu aliyekuwa akizihesabu. Tangu hapo alama zimekuwa desturi tu. Mwisho wa kipindi mwenyekiti hutangaza mshindi, watu wakapiga makofi, na kesho yake hakuna amkumbukaye.

Ndiyo maana siwezi kukubali "chemsha bongo". Chemsha bongo ni shindano la maarifa: swali lina jibu, na ajuaye anashinda. Vilevile "jopo" linanipa shaka, ingawa ndilo neno la karibu zaidi kwa tafsiri. Jopo ni la majaji, la madaktari, la watahini. Ni watu walioteuliwa kwa ujuzi wao ili watoe uamuzi. Walioketi katika vipindi hivi wameigiza jopo, kama watoto wanavyoigiza mahakama, na hawana cha kuamua.

Kipindi kimoja tu kimefanya maarifa yenyewe kuwa mzaha, nacho ni QI, kilichobuniwa na John Lloyd na kuanza mwaka 2003. Stephen Fry alikiongoza hadi 2016, akapokewa na Sandi Toksvig. Humo jibu ambalo kila mtu analidhani kuwa sahihi, kumbe si sahihi, hupigiwa king'ora na kukatwa alama. Na anayesema jambo la kupendeza, hata kama halihusiani na swali, hupewa. Mshiriki aweza kushinda akiwa na alama pungufu ya sifuri. Mifululizo yake hufuata herufi za abjadi, mwaka wa A, mwaka wa B, na kuendelea, kana kwamba mtu anatunga kamusi kwa kupiga soga. Mtu wa kazi kama yangu hawezi kukichukia kipindi cha namna hiyo. Lakini hata hicho, ukikitazama majuma kumi mfululizo, utaona kwamba swali ni kisingizio tu cha kuwafanya watu wanaojuana waendelee kuzungumza.

Hapo ndipo nilipoliona neno nililokuwa nikilitafuta. Watu wanaojuana, wenye viti vyao vya kudumu, wanaopokea mgeni mmoja mmoja, wanaodakizana maneno juu ya habari za mjini bila nia ya kufikia uamuzi: hilo kwetu ni baraza. Sisemi baraza la mawaziri. Nasema baraza ile ya mawe iliyo nje ya nyumba za Mji Mkongwe au Lamu, ambapo jioni kahawa inamiminwa na maneno yanatembea. Ian Hislop na Paul Merton wamekaa kwenye viti vile vile vya Have I Got News for You tangu mwaka 1990. Ni nani asiyewajua wazee wa namna hiyo?

Na ukiliita baraza, ila yake ya kwanza inajitokeza bila kutafutwa. Baraza ile ya mawe, kwa desturi, ilikuwa ya wanaume. Kwa muda mrefu meza hizi za Uingereza nazo zilikuwa hivyo, mwanamke akiitwa mmoja au asiitwe kabisa, na akiitwa ilimlazimu apiganie nafasi ya kumaliza sentensi. Mwaka 2014 Danny Cohen, aliyekuwa mkurugenzi wa televisheni wa BBC, alitangaza kwamba vipindi vya wanaume watupu havitakubalika tena. Walikuwapo waliolalamika kwamba tangazo la wazi namna hiyo lilimfanya kila mwanamke aonekane ameitwa kujaza hesabu. Malalamiko hayo yalikuwa na chembe ya haki, lakini meza hazikuwa zimejirekebisha zenyewe katika miaka yote iliyotangulia. Leo mchanganyiko ni afadhali sana. Neno "jopo" halingetuonyesha jambo hilo, kwa sababu jopo halina viti vya urithi.

Ila ya pili ni nzito zaidi. Have I Got News for You kilitoka katika kipindi cha redio, The News Quiz cha mwaka 1977, na kazi yake ilikuwa kuwakejeli wenye madaraka kwa habari za juma. Kiliifanya kazi hiyo vizuri. Mwaka 1993 mwanasiasa Roy Hattersley aliposhindwa kuja kwa mara ya tatu, dakika za mwisho, kopo la mafuta ya nguruwe liliwekwa kitini pake na likatambulishwa kwa heshima zote za mbunge. Mwaka 2002 habari za maisha binafsi ya mwenyekiti, Angus Deayton, zilipotapakaa magazetini, Hislop na Merton walimgeukia mbele ya kamera bila huruma, na muda mfupi baadaye akaondolewa. Hadi leo kiti chake hukaliwa na wageni kwa zamu. Kwa hiyo makali yalikuwapo.

Lakini mwaka 1998 alialikwa mwandishi mmoja wa magazeti aitwaye Boris Johnson. Hislop alimhoji kuhusu jambo lililokuwa la aibu kweli, naye akababaika, akachana nywele kwa vidole, watu wakacheka. Akaalikwa tena na tena, na mara kadhaa akakalia kiti cha mwenyekiti, akibabaika kwa ustadi ule ule. Mwaka 2008 akawa meya wa London, na mwaka 2019 akawa waziri mkuu. Sidai kwamba kipindi cha nusu saa kilimpa mtu nchi. Nadai jambo dogo kuliko hilo: kwamba kila alipokejeliwa, alitoka pale akiwa anapendeza zaidi kuliko alivyoingia. Mwandishi wa riwaya Jonathan Coe alilieleza jambo hili mapema, mwaka 2013, wakati wengi walipokuwa bado wanacheka.

Kiswahili kinaweza kulieleza kwa neno moja: utani. Kejeli na utani si kitu kimoja. Mkejeli yuko nje ya nyumba ya anayekejeliwa, na maneno yake yanakusudia yachome. Mtani yuko ndani. Ana ruhusa ya kumwita mwenzake mwizi, mlafi, mjinga, mbele ya watu, hata msibani, na mwenzake hana ruhusa ya kukasirika. Kwa hiyo maneno yale hayamgusi. Utani ni ahadi kwamba lolote litakalosemwa halitahesabiwa. Babu na mjukuu wanayo ahadi hiyo, na makabila kadhaa yanayo baina yao, na ni jambo jema linalopoza uhasama. Lakini mtu mwenye madaraka, au anayeyatafuta, akishaketishwa barazani na kutaniwa, amekwisha kuingizwa katika ahadi ile. Siku utakapomshtaki kwa jambo la kweli, watu watadhani bado unamtania.

Waandishi wa michezo walikuwa wamekwisha kukumbana na shida ya jamii hii. Johnny Speight alimwumba Alf Garnett, wa Till Death Us Do Part, mwaka 1965, ili amcheke mzee mbaguzi wa London ya mashariki, na akashangaa kuona baadhi ya watazamaji wakimshangilia mzee huyo kama msemaji wao. Tofauti ni kwamba Garnett alikuwa mtu wa kubuni na hakugombea kiti chochote.

Vipindi visivyogusa siasa vimesalimika na balaa hilo, na kwa maoni yangu ndivyo vilivyo bora leo. Would I Lie to You?, cha tangu mwaka 2007, kinamtaka mshiriki asome dai la ajabu juu ya maisha yake, wapinzani wamhoji, kisha waamue kama ni kweli au uongo. Bob Mortimer aliwahi kudai kwamba hujitibu meno yake mwenyewe nyumbani. Alihojiwa kinaganaga, akaeleza vifaa na namna, uso mkavu, kila jibu likiwa la ajabu kuliko lililotangulia. Na ikawa kweli. Kinachochekesha pale ni masimulizi: mtu mmoja, kisa kimoja, na watu wanaotaka kujua kilichofuata. Taskmaster nacho, kilichoanza mwaka 2015 katika stesheni ndogo na kuhamia Channel 4 mwaka 2020, kinawapa wachekeshaji watano kazi za kipuuzi, na humo huoni tena maneno yaliyotayarishwa. Unamwona mtu mzima akishindwa na yai. Huo nao ni mkwamo, wa dakika tano, na hauhitaji mwandishi. Labda ndiyo sababu unafadhiliwa.

Maana tusisahau upande wa hesabu. Meza mbili, taa, hadhira isiyolipwa, na kamera zinazoacha zirekodi muda mrefu kuliko utakaorushwa, kisha mhariri anakata kinachobaki: ndivyo nusu saa ya vicheko inavyopatikana kwa bei nafuu. Waandishi wapo, hasa wa kumwandikia mwenyekiti, lakini wamefichwa ili mambo yaonekane yametoka papo hapo. Kwa muda wa miaka ishirini hivi, mchekeshaji kijana aliyejitokeza kwenye majukwaa ya vilabu aliitwa mezani, akajulikana sura, na akawa hana sababu ya kujifungia chumbani kuandika mchezo. Hata hiyo meza nayo imeanza kukatwa miguu. BBC ilikifunga Mock the Week mwaka 2022, baada ya miaka 17, na soga la bure linapatikana sasa katika podikasti, ambako hakuna hata gharama ya taa.

Kamati inakutana tena mwezi ujao. Nimewasilisha "vichekesho vya mkwamo" kwa aina ya kwanza na "baraza la utani" kwa ya pili, na maelezo ya kurasa mbili kwa kila moja. Mwenyekiti wetu ameniandikia pembeni kwa penseli kwamba la kwanza anaweza kulitetea, ila la pili litachanganywa na mabaraza ya serikali, akauliza kama "barazani" peke yake lisingetosha. Sijamjibu. Katika orodha ile ile, mstari unaofuata, kuna kicheko kinachohifadhiwa katika kanda na kumiminwa juu ya mchezo ambao hakuna aliyeucheka. Fundi mmoja wa stesheni ametuletea "kicheko cha kopo". Wajumbe watatu wamekwisha kusema kwamba hilo halisanifiki, na wote watatu walicheka walipokuwa wakilisema.